Mguso wa Tatu

Chumba cha kazi cha Mama Nta hakikuwa na dirisha, na harufu ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia mizoga, ilimfuata mpaka kwenye kikombe cha chai. Miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa maabara. Aliwagandisha wanyama wa baharini ndani ya nta, akawakata vipande vyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya vimekwenda zake, ili wasomi wavitazame kwa hadubini na kujipatia vyeo. Jina lake lilitokana na nta, si watoto. Watoto hakuwa nao, na aliyethubutu kumuuliza hakurudia.

Mnyama aliyemjua kuliko wote ni anemoni, yule anayefanana na ua lililoota mwambani. Ukimtia formalini akiwa macho, hujikunja akawa donge, na donge hilo halifunguki tena. Hapo imekula kwako. Kwa hiyo Mama Nta alimlaza kwanza katika maji yenye chumvi ya magnesiamu ili apoteze fahamu, kisha akamgusa minyiri, ile mikono yake laini, kwa brashi nyembamba mara tatu, akisubiri dakika kumi kila baada ya mguso. Minyiri isiposhika kitu hata mguso wa tatu, alisema, "Huyu hayupo," na kumimina formalini. Hakuwahi kukosea, na hilo aliwaambia hata wasiomuuliza.

Wiki hiyo mama yake mzazi alikuwa hospitalini, siku ya kumi na moja kwenye mashine ya kupumulia. Daktari aliwaambia mabinti wawili kwamba tumaini limekwisha, ila uamuzi wa kuzima mashine ni wao. Dada mkubwa akamgeukia mwenzake.

"Mdogo wangu, mimi mambo haya siyajui. Wewe ndiye mtu wa maabara. Mama bado yupo?"

Aibu ni kwamba Mama Nta aliona fahari kuulizwa. Kesho yake alikwenda wodini na brashi ndani ya mkoba. Aliipitisha kiganjani mwa mama, akasubiri dakika kumi, akaipitisha tena. Mara ya tatu vidole vilibaki wazi vilevile, vimelegea.

"Hayupo," akasema.

Dada akatia sahihi. Mashine ingezimwa asubuhi iliyofuata, saa nne.

Asubuhi hiyo Mama Nta alipitia kazini kwanza, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Anemoni mmoja wa kahawia alikuwa amelazwa tangu alfajiri. Mguso wa kwanza, wa pili, wa tatu: kimya. Alianza kumimina formalini taratibu. Ilipomfikia tu, minyiri yote ikazama ndani kwa pamoja, mwili ukajibana kwa nguvu hata maji yakatikisika. Kumbe alikuwa macho. Muda wote ule alikuwa akiguswa, naye amenyamaza.

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Alimpigia dada simu mara mbili, haikupokelewa. Akatoka mbio na aproni yake.

Wodini mashine ilikuwa kimya. Dada alikaa kando ya kitanda, macho yamemvimba.

"Wamezima mapema kidogo. Daktari alikuwa na upasuaji. Ameondoka kwa amani, hata hakuhangaika."

Mama Nta akafunua shuka. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umefumba ngumi, na ndani ya ngumi umekamata pindo la shuka. Alijaribu kufungua kidole kimoja. Hakikukubali.

"Nesi kasema ni misuli tu," dada alisema. Kisha akashusha sauti. "Mwenzangu, sahihi ni yangu mimi. Niambie tu nipate kulala. Hakuwepo, sivyo?"

Alitamani mtu mwingine amjibie. Akaufunika ule mkono, akaweka kiganja chake juu ya shuka.

"Hakuwepo, dada."

Dada akamwegemea begani, akalia mpaka usingizi ukamchukua, wa kwanza baada ya siku nyingi. Mama Nta alikaa bila kujitikisa, asimwamshe, na chini ya kiganja chake akahisi ile ngumi inazidi kukaza.