Jina la Dorah halitaimbwa

Saa moja asubuhi, machimboni Rwamgasa. Nyundo za akina mama zinagonga mawe ya dhahabu, lakini wimbo haujaanza. Wote wanamtazama Paskalina Mayala, anayewaanzishia nyimbo.

Leo amevimba kwa hasira. Jana mpondaji mwenzake, Dorah, alimnong'oneza msimamizi Masele kwamba Paskalina ni mzembe. Basi mawe laini yamehamia kwa Dorah, na Paskalina kasukumiwa magumu.

Wapondaji hawa wana desturi yao: aliyekuudhi unamtia kwenye wimbo. Wenzako wanapokea, wachimbaji wanaubeba, na kufika jioni hata wauza chapati wanauimba. Aliyeimbwa hana pa kuficha uso.

"Mama Davis, mtie huyo!" jirani yake anamchochea Paskalina.

"Yaya, hapana! Simwimbi," anakataa Paskalina, na nyundo inashuka kwa kishindo. "Ila msidhani nimepoa. Nina hasira mpaka meno yananiuma!"

Ana sababu. Mwaka juzi alimwimba mjane aitwaye Lusia kuwa anaiba mawe. Lusia akahamia Kharumwa kwa aibu. Baadaye mawe yalikutwa chini ya kifusi, hakuna aliyeyagusa.

"Nilimfukuza mtu kwa mdomo wangu," anasema, "halafu Jumapili nikapokea meza ya Bwana kwa mdomo huohuo! Hivi mimi ni Mkristo wa namna gani?"

Tangu hapo amemwahidi Mungu kutomlalamikia mtu nyuma ya mgongo wake. Aliyemkosea atamwendea yeye mwenyewe, ana kwa ana.

Anatupa nyundo na kumwendea Dorah.

"Umenisema kwa Masele. Kwangu ulishindwa kuja?"

Dorah anainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama Davis. Mkono umenivimba, nilitaka mawe laini."

"Si ungeniomba! Ningekunyima mimi? Haya, simama. Twende kwa Masele ukayarudie hayo mbele yangu."

Wanakwenda. Dorah anayasema yote, na Masele anaamuru mawe laini yagawanywe sawa.

"Umenisamehe?" Dorah anauliza njiani.

"Nitakusamehe. Ila asubuhi hii bado, usinikimbize."

Paskalina anaketi, anaanzisha wimbo wa kazi usio na jina la mtu. Wenzake wanaupokea shingo upande.

Akishavuna mpunga wake, Paskalina anakusudia kwenda Kharumwa kumtafuta Lusia.

"Nitamwomba radhi, kisha nirudi hapa niuimbe upya wimbo ule niliomtia," anasema huku akiokota jiwe jingine. "Palipokuwa na jina lake nitaweka langu."