Mafuta ya Nazi Hayakauki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipogusa shavu la bibi wa Kizungu, na shavu likabaki kidoleni mwangu. Usicheke bado. Bibi mwenyewe alikuwa wa rangi, juu ya kitambaa, na mchoraji nilikuwa mimi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, wa hapa hapa Kuze. Bi Zuhura, mwalimu mstaafu, alikuwa akinifundisha kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Njia yake ilikuwa moja: kwanza unakili kazi ya bingwa wa zamani, mkunjo kwa mkunjo, usiongeze chako. Alinipa picha ya kitabuni ya kikongwe wa Ulaya aliyejitanda ushungi mweupe. "Ukimmaliza huyu, akakauka, ndipo umlete nyanyako tumchore," akasema. Nyanya alifurahi hata akanunua leso mpya ya siku hiyo.

Mwanzoni niliona kunakili ni kazi ya kasuku. Kumbe! Kivuli nilichodhani cheusi kilikuwa na kijani ndani yake, na ule ushungi mweupe ulikuwa na samawati na manjano. Nikaanza kuwakodolea watu macho njiani, nikitafuta kijani chini ya videvu vyao, hata mama akanikanya.

Siku moja nikaimwaga chupa ya Bi Zuhura ya mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi, yale maseremala wanayopaka milango. Nikaona haya kusema. Haya nayo ni maradhi, mwanangu. Nikachukua mafuta ya nazi ya nywele, nikajiambia mafuta ni mafuta. Rangi ikateleza vizuri ajabu.

Wiki ya kwanza bibi hakukauka, wala ya tatu. Bi Zuhura akiuliza, nasingizia mvua. Nyanya naye kila alasiri: "Mgeni wako hujammaliza tu? Nami nangoja zamu yangu."

Mwezi wa pili Bi Zuhura akaisogelea picha, akanusa. "Mbona bibi huyu yuwanukia kama biarusi?"

Nikalia, nikasema kweli. Hakunigombeza. Alinipa vipande vya vigae, nipake kila kimoja mafuta yake: nazi, simsim, kitani. Kila asubuhi nilivikimbilia kuvigusa. Cha kitani peke yake kiliota ngozi. Kwa nini mengine hubaki mafuta na mengine yakageuka ngozi? Nilimuuliza mpaka akachoka.

"Wauliza vizuri," akasema. "Ungaliuliza siku ile ya kwanza."

Nikakwangua, nikaanza upya. Safari hii bibi wa Ulaya alikauka. Lakini nyanya alikuwa ameshatutoka siku tisa kabla, leso yake ingali na mikunjo ya dukani.

Mpaka leo nikifumba macho, naujua kila mkunjo wa uso wa bibi yule nisiyemjua hata jina. Uso wa nyanya yangu nimeanza kuusahau, na hilo huniuma.

Basi mwanangu, nakili bila haya. Hakuna aliyezaliwa na mkono wa fundi. Ila ukikosea, sema siku hiyo hiyo, na usilolijua uliza. Mficha uchi hazai. Mola akupe jicho la kuona na ulimi mwepesi wa kuuliza, na akuwekee wazee wako hata uwatazame ukinai.