Si Kwamba Hatutaki

Verna Stubblefield alikuwa bahili wa kweli, hilo hata wasiompenda walikubali. Karatasi ya alumini aliyookea kuku aliiosha, akaianika jikoni, akaitumia tena mpaka ikatoboka. Kipakiti kimoja cha majani ya chai kilimtosha vikombe vitatu, na kile cha tatu alimpa mgeni. Kwa miaka ishirini na sita aliyokaa kwenye baraza la mji wa Pickett Springs, jimbo la Georgia, yeye ndiye aliyezima taa za ukumbi kikao kikiisha, madiwani wenzake wakabaki wanapapasa gizani kutafuta kofia zao. Watu walimcheka, na kila uchaguzi walimrudisha. Nani asiyempenda mtu anayemlindia kodi yake?

Silaha yake ilikuwa kadi moja iliyochakaa, aliyoirithi kwa baba yake, ambaye naye alikuwa diwani enzi zake. Ilikuwa na maneno matano kwa mwandiko wa mzee: "Si kwamba hatutaki. Hatuna uwezo." Mzee aliisoma mara ya kwanza kiangazi kile mahakama ilipoamua kwamba bwawa la kuogelea la mji ni la wote, weusi kwa weupe. Wiki tatu baadaye baraza likagundua kwamba dawa ya maji ni ghali mno, bwawa likafukiwa udongo. Verna alikuwa na miaka kumi na mmoja, ndiyo kwanza anajifunza kupiga mbizi. Alilia siku mbili. Baba yake akampakata, akamweleza bei ya dawa ya maji, naye akaamini.

Pickett Springs umekatwa na reli katikati: weupe magharibi, weusi mashariki. Kadi ilisomwa watu wa upande wa mashariki walipoomba taa za barabarani, ikasomwa walipoomba njia ya waenda kwa miguu kwenye daraja, ikasomwa mara nne kwa ajili ya maktaba. Ilipokuja zamu ya chemchemi ya marumaru mbele ya kanisa la Verna, au nyasi mpya za uwanja wa gofu, kadi ilibaki mkobani. "Huo ni uwekezaji," alisema Verna, bila kupepesa jicho. Wala hakuwa anadanganya. Kadi ilimwondolea hata yeye mwenyewe adha ya kujiuliza maswali, na kwa shughuli hiyo haikuwa na mpinzani.

Tangu afiwe na mumewe, nyumba yake iliendeshwa na Odessa, mwanamke mweusi wa makamo kutoka mashariki ya reli. Alikuja kila asubuhi kwa miaka tisa, akalipwa taslimu kila Ijumaa. Verna alipovunjika nyonga, Odessa ndiye aliyemwogesha, akamvika soksi, akampikia uji wa mahindi na kubishana naye.

"Odessa, siagi umezidisha."

"Nimetia ile ile ya jana, Bi Verna. Jana ulisema kidogo."

"Jana ilikuwa kidogo."

"Basi wewe na siagi kaeni mpatane. Mimi nakwenda kufua."

Mwezi wa tatu, gari la Odessa likafa gia, na fundi akasema bei ya kulifufua inaizidi bei ya gari lenyewe. Kutoka kwake hadi kwa Verna ni maili nne, na katikati lipo lile daraja ambalo malori hupita yakikugusa kiwiko. Odessa alitembea wiki mbili. Wiki ya tatu miguu ikavimba, akasema hawezi tena.

Randall, mwana wa pekee wa Verna, akapiga simu kutoka Denver. "Mama, bila Odessa huwezi kukaa peke yako. Akiacha, unakwenda Pine Rest. Sitaki ubishi."

Pine Rest ni nyumba ya wazee. Iko ng'ambo ya reli, kwa sababu baraza liliipeleka kule ambako ardhi ni rahisi, na hoja ya ardhi rahisi ilitolewa na Verna.

Ndipo likaja suala la basi. Mama mmoja aliyezaliwa mashariki ya reli, akatajirika Atlanta, alikuwa amefariki na kuacha wosia: basi moja, dereva, mafuta na matengenezo kwa miaka kumi, kuunganisha pande mbili za mji. Baraza halikutakiwa kutoa kitu. Lilitakiwa kuruhusu vituo tu.

"Litasimama pale kona ya kanisa lenu," Odessa alisema akimkata Verna kucha. "Kutoka kwangu dakika kumi na mbili. Miguu yangu itapona, nami nitabaki. Kura ni Jumanne, Bi Verna."

"Najua kura ni lini."

"Najua kwamba unajua. Nakukumbusha tu."

Jumanne ukumbi ulijaa. Walisali, wakaapa mbele ya bendera, wakala sandwichi za jibini na kunywa chai baridi iliyojaa sukari. Meya Hoyt Crenshaw, mtu asiyependa ugomvi hata na mbu, akampa katibu nafasi asome hoja. Gharama kwa mji: sifuri. Kila mtu alijua madiwani wawili wanataka, wawili hawataki. Amebaki Verna.

Verna akasimama na mkongojo wake. Mkono ukaingia mkobani wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ukatoka na kadi.

"Si kwamba hatutaki," akasoma. "Hatuna uwezo."

Kicheko kikaanzia nyuma na kufika mbele. Diwani Cleophus Yarbrough, wa upande wa mashariki, aliyekwisha kuisikiliza kadi ile mara nyingi kuliko mahubiri, akainua mkono. "Bi Verna, safari hii mji haulipi. Hata senti."

Verna akaigeuza kadi. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Na matengenezo?"

"Yamelipiwa."

"Vituo?"

"Vituo ni vibao, mama. Vimelipiwa."

"Miaka kumi ikiisha?"

"Ikiisha mimi na wewe tutakuwa makaburini. Tena nasikia kule hakuna kodi."

Watu wakacheka tena. Verna aliona masikio yake yanawaka moto. Maisha yake yote hakuwahi kusimama pale bila hoja ya hela, na sasa wamempokonya.

"Basi linaleta watu," akasema. "Hatujui ni akina nani. Watasimama simama pale kona ya kanisa, wakitazama nyumba zetu."

Hakuna aliyecheka. Meya akakohoa, akasema wananchi wana haki ya kuchangia, dakika tatu kila mmoja. Katibu akaizungusha ile saa ya jikoni wanayoitumia, akasoma jina: "Bi Pettway."

Verna akageuka na wengine kumtazama huyo Bi Pettway ni nani. Kwenye safu ya mwisho akainuka Odessa.

"Mimi ndiye nitakayesimama pale kona," Odessa alisema. "Kwenye chumba hiki yuko mtu ambaye nina ufunguo wa nyumba yake. Najua dawa zake, najua dhahabu ya mama yake iko wapi, sitasema. Miaka tisa sijatoka na hata pini. Nauliza jambo moja tu. Kama si hela, ni nini?"

Akaketi. Alikuwa hajamaliza hata dakika moja, na hakuna aliyethubutu kuisimamisha saa. Ikaendelea kugonga, tik, tik, madiwani wanatazama sandwichi zao.

Verna alilitaka basi. Alimtaka Odessa, na jiko lake, na ubishi wa siagi asubuhi. Kilichotakiwa ni kuinua mkono. Lakini kusema ndiyo leo ni kukiri kwamba hapana zote za nyuma hazikuwa za hela: ya taa, ya daraja, ya maktaba. Na nyuma ya hizo zote ilikuwapo hapana ya baba yake, na udongo unaomwagwa bwawani. Aliogopa, na woga huo ulimuuma kuliko nyonga. Saa ikalia.

"Hapana," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, kana kwamba anajitetea mbele ya marehemu: "Hatuna uwezo."

Tatu kwa mbili. Akasahau kuzima taa.

Alimkuta Odessa nje, kwenye maegesho ya magari. Maegesho hayo ndiyo yaliyokuwa bwawa.

"Odessa, nitakulipia teksi. Kila siku, kuja na kurudi."

"Teksi ni dola arobaini kwa siku, Bi Verna. Wewe, unayeanika alumini?"

"Nitatoa mfukoni mwangu."

"Kumbe uwezo upo," Odessa akasema, akamwekea ufunguo wa nyumba kiganjani, akashika njia ya darajani.

Mwezi haukuisha, Verna akapelekwa Pine Rest. Asubuhi ya kwanza mlango ukafunguliwa, akaingia Odessa na sare ya bluu na bakuli la uji wa mahindi. Walikuwa wamemwajiri, ni dakika tano kwa miguu kutoka kwake. Verna akalia bila kujificha, akauonja uji, akasema siagi ni kidogo.

Jumapili aliamka mapema, akavaa gauni lake la zambarau na kofia, akaketi na mkoba mapajani. Ng'ambo ya reli kengele ya kanisa lake ilikuwa inalia.

"Bi Pettway," alisema, kwa mara ya kwanza. "Nifikeje kanisani?"

"Gari la hapa huenda hospitali tu, Bi Verna. Na kwa mkongojo huo daraja hulivuki."

"Hakuna basi?"

"Hakuna."

Verna akaufunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena. Odessa alipiga magoti mbele yake, akamvua kiatu kimoja, kisha cha pili, taratibu, kama alivyofanya miaka tisa.

"Si kwamba hatukutaka," alimwambia, akavipeleka viatu kabatini.