Risasi Fupi Chini ya Kiti cha Tisa

Kwa miaka ishirini na sita Arlys Pelkonen ameendesha basi la shule la Kivela, na katika miaka hiyo yote vitu ambavyo watoto husahau vitini havikubadilika: glavu moja isiyo na mwenzake, chupa ya maji, daftari la hesabu na, kila Novemba, risasi.

Huku kwetu, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, Marekani, hakuna aliyeshtushwa na hizo risasi. Tarehe kumi na tano Novemba shule hufungwa ili watu wakawinde kulungu. Mtoto aliyeshinda msituni na baba yake Jumapili huja shule Jumatatu na koti lile lile la rangi ya chungwa, na mfukoni mna risasi ambayo hakuna aliyekumbuka kuitoa. Mfuko una tundu, risasi inaanguka. Arlys huiokota anapofagia, huitia katika kopo la biskuti lililo karibu na usukani, kisha humrudishia mzazi pale kituo cha mafuta, mbele ya watu.

"We bwana, mwanao kanilipa nauli kwa risasi. Mwambie bibi hana chenji."

Watu hucheka. Hata mimi nilicheka. Ninafundisha historia katika shule ile mwaka wa ishirini na mbili sasa, nina shahada mbili ukutani, na nilicheka kama wengine, kana kwamba risasi katika basi la watoto ni kitu cha kurudishwa kwa mwenyewe kama glavu.

Arlys ni mwanamke mfupi wa miaka sitini na mitatu, mjane, anayekalia mto ili aione barabara vizuri. Si adui wa bunduki. Baba yake alimfundisha kulenga shabaha akiwa na miaka tisa, na bunduki nne alizoachiwa na marehemu mumewe zimo katika kabati la chuma ambalo ufunguo wake hauachani na shingo yake. Anajua ni mtoto gani hajala asubuhi, ni nani mbwa wake kafa, ni nani baba yake amerudi kunywa. Hayo huyajua kwa kuwatazama wanavyopanda ngazi tatu za basi.

Jumatatu moja ya Novemba, mwaka juzi, baada ya kumshusha mtoto wa mwisho, alifagia basi na kuona risasi chini ya kiti cha tisa. Aliinama kuiokota huku ameshaanza kuutunga utani wake. Alipoiweka kiganjani utani ukamtoka. Risasi ya kulungu ni ndefu kama kidole cha kati na ncha yake imechongoka. Hii ilikuwa fupi, nene, yenye kichwa cha mviringo. Kulungu hawindwi kwa kitu kama hicho. Hiyo ni ya bastola, na bastola hutengenezwa kwa ajili ya mtu.

Katika basi la Arlys kila mtoto ana kiti chake. Cha tisa ni cha Easton Tervo, mwenye miaka kumi na minne. Baba yake, Wade, ni mtoto wa Corinne, na Corinne ni mdogo wake Arlys, tumbo moja.

Namba ya simu ya kutoa taarifa ya hatari yoyote imebandikwa juu ya usukani wa kila basi la shule, kwa herufi nyekundu. Arlys hakuipiga. Alitia ile risasi mfukoni akaenda kwa Wade.

Alimkuta jikoni anakula, macho kwenye mpira wa magongo wa barafuni.

"Karibu, Mama mkubwa. Kuna pai ya nyama bado ya moto."

"Sikuja kula. Hebu itazame hii."

"Aa! Easton kakulipa nauli tena?"

"Hii ni ya kulungu, Wade?"

Wade aliizungusha vidoleni. "Ya bastola."

"Yako?"

"Ya aina hii anayo kila mtu. Nusu ya Kivela."

"Sikukuuliza habari za Kivela. Yako iko wapi?"

"Gereji, kwenye sanduku la vifaa. Imekaa pale tangu enzi za mzee."

"Umeifunga?"

"Sanduku lina kifuniko." Akacheka. "Mama mkubwa, usinitazame hivyo. Huyu mtoto nimemfundisha tangu ana miaka sita. Hajawahi kumwelekezea mtutu hata paka. Si unamjua?"

"Namjua. Nenda ukaangalie."

"Nitaangalia."

"Leo."

"Leo, haki ya Mungu. Unanifanya kama nina miaka saba!"

Arlys aliondoka. Aliniambia baadaye kwamba njia nzima alijisemea kuwa amekwisha fanya lililompasa: amemwambia baba wa mtoto, na baba ameahidi. Hata hivyo hakulala. Saa kumi na mbili asubuhi alimpigia Wade simu. Ikaita mpaka ikakatika.

Alipokaribia njia panda ya akina Tervo, akienda polepole kuliko siku zote, bado kulikuwa na giza, na ndani ya basi mlikuwa na watoto ishirini na watatu.

"Bibi Arlys," alipaza sauti msichana mmoja wa kiti cha mbele, "tunaendeshwa au tunasukumwa?"

"Ukiwa na haraka, shuka usukume."

Watoto wakaangua kicheko. Kisha taa za basi zikamwangukia Easton kando ya barabara. Kwa kawaida mkoba wake huuburuta thelujini kwa mkanda mmoja, kama mbwa asiyetaka kutembea. Asubuhi ile alikuwa ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Arlys alivuta breki ya mkono. Akafungua mlango, akasimama, akashuka hadi ngazi ya chini na kuuziba mlango kwa mwili wake mfupi.

"Habari za asubuhi, Bibi."

"Nzuri, mjukuu wangu. Weka mkoba chini."

"Nitachelewa."

"Tutachelewa sote. Uweke hapo kwenye theluji, urudi nyuma."

Mtoto alimtazama. Arlys anasema huo ndio muda mrefu kuliko yote aliyopata kuishi, nami namwamini. Kisha Easton akauweka mkoba chini, taratibu, kama mtu anayelaza kitoto kichanga.

Arlys akapanda kinyumenyume hadi kwenye usukani, macho kwa mtoto, akabonyeza honi bila kukoma. Wade akatoka na kikombe cha kahawa, koti juu ya nguo za kulalia.

"Mama mkubwa, vipi? Unaamsha hadi waliokufa!"

"Uliangalia?"

"Nini?"

"Wade. Uliangalia?"

Akamtazama mwanawe, akautazama mkoba. "Nilisema nitaangalia."

"Fungua mkoba."

"Mbele ya wenzake wote hawa? Unamvunjia mtoto heshima."

"Ufungue wewe. Si mimi. Mtoto ni wako."

Wade akapiga goti. Bado alikuwa anatabasamu, kwa ajili ya zile nyuso zilizobanana madirishani. Akatoa kitabu, akatoa fulana ya mazoezi, akatoa kisanduku cha chakula, akikiinua kila kimoja juu kama mwanamazingaombwe ili Arlys aone aibu. Kisha mkono ukaingia tena, na safari hii haukutoka. Kikombe kilimponyoka, kahawa ikachora doa jeusi kwenye theluji, naye akabaki hivyo hivyo, mkono ndani ya mkoba wa mwanawe.

Kisha akanong'ona.

"Mama mkubwa. Wapeleke watoto. Hili tulimalize hapa hapa, sisi kwa sisi. Halijafika shuleni."

Arlys akamgeukia mtoto. "Easton, halijafika shuleni?"

Easton aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza, mjukuu wangu."

"Nilitaka waione tu."

"Akina nani?"

"Wale wa timu. Wananivua suruali kule chumba cha kubadilishia nguo. Wanapiga picha." Machozi yalimtoka bila kilio. "Nilitaka waione, waniache."

"Unatembea nayo tangu lini?"

"Alhamisi."

"Wade," alisema Arlys, "iweke juu ya lori lako, umshike mwanao, mkae mbali nayo. Napiga simu."

"Usinifanyie hivyo! Ni mimi, Wade! Mama atakufa!"

"Sikufanyii wewe. Nawafanyia hawa ishirini na watatu."

Akafunga mlango, akaendesha hadi uwanja wa kanisa, mahali ambapo watoto hawakuweza kuona nyumba ile ila yeye aliweza, kisha akachukua redio ya basi na kutoa taarifa aliyopaswa kuitoa jioni iliyotangulia.

Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu. Siku tatu za masomo. Polisi wa kaunti walikuta risasi sita ndani ya bastola. Ya saba ndiyo iliyoanguka chini ya kiti cha tisa. Siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, Easton Tervo alikuwa darasani kwangu, safu ya pili, mkoba katikati ya miguu yake. Nilimrudishia insha. Nilimwambia mwandiko wake unazidi kuharibika. Nilipita kando ya mkoba ule mara nne au tano, nikiuruka kwa mguu kwa sababu ulikuwa njiani. Hadi leo nikiingia darasa lile miguu yangu huukwepa mkoba usiokuwepo.

Ningependa kuandika kwamba Kivela ilimshukuru Arlys. Wanaume waliokuwa wakimchekea utani wake pale kituo cha mafuta walianza kumgeuzia migongo. "Mtoto mzuri yule," walisema. "Hakuna aliyeumia. Amemtia ndugu yake mikononi mwa serikali kwa jambo la nyumbani." Jambo la nyumbani! Bastola iliyotoka gereji ya mtu, ikapanda basi letu, ikakaa chini ya madawati yetu siku tatu, bado ni jambo la nyumbani. Wangesema hivyo hivyo, wallahi sijui, tungekuwa tumezika?

Wiki moja kabla ya Krismasi, Corinne alikwenda kwa dada yake. Hakukaa.

"Mwaka huu usije kula kwangu, Dada."

"Sawa."

"Ungemwachia Wade. Ungewafikisha watoto shule, halafu ukaja tukazungumza kama ndugu."

"Nilizungumza kama ndugu Jumatatu, Corinne."

Corinne aliondoka bila kuvuta mlango. Arlys aliuacha wazi kwa muda, baridi ikaingia.

Bodi ya shule ilimsimamisha kazi siku kumi kwa kuchelewesha taarifa. Nilikuwa tayari kumwandikia barua ya rufaa, kali, yenye kurasa tatu. Alinizuia.

"Wameandika kweli, mwalimu. Jumatatu jioni nilikuwa na namba mbele ya macho yangu. Nilimwogopa mdogo wangu kuliko nilivyoiogopa ile risasi."

Easton alipelekwa kwenye kituo cha vijana kilicho mbali, anakosoma na kuonana na daktari wa akili. Wawili wa timu, waliokuwa wakimvua suruali, walifukuzwa kwa muhula mmoja. Wade alishtakiwa kwa kuacha silaha mahali mtoto angeweza kuifikia, na alikana. Alimweka wakili.

Kesi ilisikilizwa Aprili, theluji ikiwa bado imerundikana kando ya ngazi za mahakama. Arlys alitoa ushahidi asubuhi. Aliulizwa aliiona risasi siku gani, akasema Jumatatu. Alitoa taarifa siku gani, akasema Jumanne. Kwa nini, akasema, "Kwa sababu ni mtoto wa mdogo wangu." Kisha akaja kuketi kando yangu. Corinne alikuwa safu ya mbele yetu, shingo imekakamaa.

Mchana Wade alipanda mwenyewe kizimbani. Wakili wake alimwongoza vizuri. Alieleza jinsi alivyomfundisha mwanawe: bunduki zote zina risasi hadi uhakikishe, kidole mbali na kifyatulio, mtutu chini. Alieleza kwa mapenzi, na naamini kila neno. Watu sita walioapishwa kuamua kesi walitikisa vichwa kwa kukubali. Wengi wao walilelewa kwa maneno hayo hayo.

Mwendesha mashtaka, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alisimama.

"Bwana Tervo, kutoka mlango wa jikoni kwako hadi gereji ni hatua ngapi?"

"Ishirini. Ishirini na tano."

"Kuna taa?"

"Ipo."

"Mama yako mkubwa alipoondoka Jumatatu ilikuwa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Ukalala saa ngapi?"

"Saa nne."

"Ulikuwa umeapa kwa jina la Mungu kwamba utaangalia. Ulikuwa na saa mbili na nusu. Kwa nini hukwenda?"

Wakili aliinuka nusu. Wade hakumngoja. Alikuwa anamtazama mama yake, na nadhani alitaka kwa dhati kulitafuta jibu, jibu kubwa linalolingana na swali.

"Nilikuwa nimeshavua viatu," akasema.

Corinne aliweka kiganja mdomoni. Mwendesha mashtaka alikuwa na karatasi nzima ya maswali mkononi. Aliitazama, akaiweka mezani, akakaa.