Slabu Iliyoegemezwa kwa Miti ya Migomba

Mimi ni mwoga, na mume wangu anajua hivyo tangu chuoni. Tulisomea usanifu wa majengo pamoja, tukafungua ofisi pamoja mjini Embu, chumba kimoja juu ya bucha. Yeye alichora mistari mirefu, mimi nikakosa usingizi kwa ajili yake. Watu walitusifu kwamba tunajenga kisasa bila kumsahau binadamu. Sifa nzuri hiyo, lakini nusura iue watu.

Kazi yenyewe ilikuwa wodi ya kujifungulia, ya harambee, kwenye kilima kimoja upande wa Nkubu, nyumbani kwetu mimi. Mume wangu ni Mwembu, na kule walimwita mkwe na kumtania mpaka akazoea. Kabla hatujachora chochote nilishinda na akina mama nikiwauliza wanataka nini. Hawakutaka urembo. Walitaka baraza pana lisilo na nguzo mbele, ili wanaomsubiri mzazi waione njia yote. Kwetu mama mkwe hapaswi kukutana ana kwa ana na mume wa binti yake, kwa hiyo akimwona mapema anapata nafasi ya kujiondoa kwa heshima. Mume wangu akachora slabu, paa bapa la saruji, inayotokeza ukutani kama ukingo wa kofia, bila kitu chochote kuishika mbele. 

Mbao za kuegemeza slabu ikikauka hazikutosha. Akina mama wakajitolea miti ya panda, ile wanayoegemezea migomba yenye mikungu mizito. Kila boma likaleta wake. Tulijivunia jambo hilo kupita kiasi. Mume wangu akawaonya mafundi kwamba kule juu kuna baridi, saruji inakawia kukomaa, mti wowote usiguswe mpaka turudi. Wenye miti hakuna aliyewaambia.

Kisha mvua ikaja na upepo. Tulikuwa tukipanda kilima na gari letu tulipokutana na mwanamke aliyebeba mti wa panda begani. Akatupungia mkono kwa furaha. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Mume wangu akaukaza usukani na kuongeza mwendo.

Mafundi walikuwa wamejikinga na mvua ndani ya wodi. Barazani, chini ya slabu, kulikuwa na akina mama wengi wakijikinga, wengine na watoto mgongoni, wakizungumza kama watu waliokaa kwao. Miti ya mbele, ndiyo hasa iliyobeba uzito, ilikuwa karibu yote imeondolewa. Ukingo ulikuwa umeshuka kidogo. Labda macho mengine yasingeona. Mimi niliona.

Mama mmoja mzee alikuwa anautingisha mti wake ili uchomoke.

"Mama, wacha huo," mume wangu alisema.

"Mkwe, mimi nachukua yangu moja tu," akamjibu. "Hiyo ingine iko mingi. Ndizi yangu inalala na huu upepo."

Kila mmoja alikuwa amewaza hivyohivyo.

Mume wangu akaingia chini ya slabu. Nilimwambia atoke. Akanijibu polepole, bila kugeuka, kwamba tukipiga kelele watakimbia na kuigonga miti iliyobaki. Akaanza kuwatoa mmoja mmoja, akiwasalimu na kuwauliza habari za shamba. Nilimchukia kwa utulivu ule. Nilikuwa nimesimama kwenye matope na mkono mdomoni, nikiutazama ukingo, nikiomba usisogee hata unywele.

Walipotoka wote nikawaeleza kwa Kimeru chetu kwamba saruji haijakomaa, na miti ile ndiyo inayoishika.  Kisha wakaanza kuirudisha miti, na hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza, kwa sababu mimi ndiye niliyejua kila mti uende wapi. Nilisema wewe hapa, wewe pale, na kila niliyemwelekeza aliingia chini ya saruji ambayo sikuiamini. Waliokwisha fika nyumbani waliitwa, nao wakarudi. Yule mama mzee aliingia tena na kuukaza wake mwenyewe. Kesho yake nilisikia mgomba wake ulianguka.

Slabu haikuanguka. Tuliiacha muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha tukatoa miti kwa utaratibu na kupakia magunia ya mchanga juu yake kuijaribu. Ikatulia. Mume wangu akanionyesha hesabu, nami nikazipitia tena na tena, zikawa sawa. Lakini zilikuwa sawa hata siku ile ya mvua.

Siku ya kuifungua wodi watu walikuja kutazama na kusimama mbali, kwenye nyasi. Hakuna aliyesogea barazani. Wodi ilikuwa tayari, wazazi walikuwa wakijifungulia majumbani au kubebwa mpaka Nkubu kwa njia mbovu, na baraza letu likawa linaogopwa kama kaburi. Nilijua kwamba wasipoingia siku hiyo hawataingia tena.

Yule mama mzee akaja mpaka ukingoni, akasimama pale kivuli kinapoanzia.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye uliniuliza nataka nini. Nikakwambia. Sasa niambie, nikae hapa ama nisikae?"

Mume wangu akafungua mdomo.

"Sikukuuliza wewe, mkwe," akasema, bila kumtazama.

Wote walikuwa wananitazama mimi. Nilitafuta ndani yangu mahali ambapo hapakuwa na woga, sikupapata.

"Kaa, mama," nikasema.

Akaketi. Nikaenda nikaketi karibu naye, bega kwa bega, maana kama slabu ile ingeanguka sikutaka kubaki hai.