Sweta la Kijani la Bibi

Leo naweza kuusimulia mkasa huu nikiwatazama watu usoni, lakini siku ulipotokea nilitamani barakoa yangu inifunike mpaka miguuni.

Wakati wa korona nilikuwa Kitale, napaka rangi nyumba za watu, maana mimi, mzaliwa wa Kibuyuni, sijawahi kukaa mahali nikayaona mahindi yakivunwa mara mbili. Barabara zilipofunguliwa nikadandia lori la viazi, likaja likafia Taru, nikashinda pale kutwa kati ya mbuzi wa kuuzwa, nikapata jingine la saruji, nikavuka Likoni, na asubuhi moja ya manyunyu, baridi ile ya kipupwe inayoingia mpaka mbavuni, pikipiki ikanishusha Kikoneni kwa wakwe zangu. Nilikuja kumchukua mke wangu Mwanasiti na binti yetu. Mama mkwe alikuwa ameshatuma ujumbe: mwanawe haondoki tena na mtu asiye na kituo, mpaka amwone kwa macho yake kwamba ametulia.

Basi uamuzi ulioniponza ulikuwa mdogo tu. Badala ya kupiga hodi mlango wa mbele kama watu, nikazunguka uani ili niwashtue.

Uani nikamkuta mwanamke ameinama juu ya chuma cha vitumbua, amejitanda leso, barakoa imempanda mpaka chini ya macho, na juu ya yote hayo sweta la kijani. Sweta lile nililijua, nililinunua mwenyewe Kitale, nikamletea Bibi, mamake mama mkwe, safari iliyopita. Na Bibi ndiye wangu wa utani, yeye ndiye mke mkubwa, mjukuu wake Mwanasiti ndiye mke mdogo, na kila tukizungumza kwa simu hunilalamikia kwamba nimemtelekeza. (Mama mkwe ni habari nyingine. Mama mkwe nikimwona njiani, mimi huhama njia.)

Jirani mmoja, Bi Fatuma, alikuwa pale na bakuli lake, anangoja vitumbua. Nikaona vizuri, nimepata na watazamaji.

"Mke wangu mkubwa," nikasema kwa sauti ya kutosha mtaa, "nimerudi. Yule mdogo mwambie atafute pa kulala, leo nimekuja kwako."

Kijiti cha kugeuzia kikasimama hewani. Nikadhani ananiringia, kwa hiyo nikachuchumaa karibu naye, nikashusha barakoa, nikachukua kitumbua kwenye sinia, nikauma, nikasema na mdomo umejaa, "Halafu umenenepa, au ni hili sweta langu?"

Bakuli la Bi Fatuma likaanguka. "Ewe mwana," akasema polepole, "mche Mungu."

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Bibi na kikombe cha chai ya tangawizi, hana sweta.

"Mimi niko huku, mume wangu," akasema. "Huyo unayemposa ni mkweo. Baridi ilimzidi, nikamwazima."

Kitumbua kikanipalia, nikakohoa. Na siku zile kukohoa uani kwa watu halikuwa jambo dogo. Bi Fatuma alitoka mbio bila bakuli, na kabla jua halijapanda Kikoneni nzima ilikuwa inajua kwamba kuna mkwe ametoka bara, ameleta korona na anamtaka mama mkwe.

Mama mkwe alilivua sweta, akalikunja, akaliweka juu ya kinu, akaingia ndani. Mwanasiti alikuwa dirishani.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikamwambia nadhani nimemaliza.

Kwa ajili ya kile kikohozi nikatengwa kwenye banda la nazi. Afya ikaonekana njema, nikatoka, lakini sikuondoka, maana niondokeje bila mke na kisa kile kimebaki nyuma yangu? Nikakuna nazi, nikachota maji, nikapaka chokaa nyumba nzima ndani na nje, na kazi hiyo, bila kujisifu, naijua. Mama mkwe hakusema nami. Alisema na paka.

"Paka, mwambie mgeni chai inapoa."

"Paka, mwambie Mama ahsante," nami najibu, macho chini.

"Paka, muulize kama huko bara nazi wanaikuna hivyo."

Jioni tulikaa wote jikoni karibu na moto, mihogo ya nazi chunguni, binti yangu amejiviringisha leso mapajani pangu, na Bibi akimshukuru Mungu kwa kila mmoja aliyeshinda bila homa, akimtaja kwa jina. Mimi alikuwa ananiruka. Jioni moja akanitaja. Mama mkwe akaitikia, "Amina," kama walivyoitikia wengine. Nimezunguka nchi hii yote, sikumbuki kama kuna mahali niliwahi kutajwa.

Kipupwe kilipoisha, hoteli moja Diani ikanipa kazi ya kudumu, nikapanga nyumba Ukunda, na siku ya kuhama ikafika. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemfungia Mwanasiti mizigo.

"Mume wangu, unaniacha?" Bibi akaniuliza. Nikamtazama usoni, nikatazama sweta, nikamtazama tena usoni, ndipo nikamjibu. Tangu mkasa ule sifanyi utani na mtu kabla sijamwona pua, na hodi napiga hata kwangu, binti yangu anacheka mpaka anakaa chini.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Paka," akasema, "mwambie mwanangu siku akija apitie uani tu. Hapa ni kwao."

Nikageuka nimjibu paka. Paka hakuwepo.