Marefa Wawili wa Nakiru

“Mzee, hawa ni nani?” aliuliza injinia wa kampuni ya ndege zisizo na rubani, pale Lodwar.

“Marefa wa binti yangu, madam.”

Deng na Lokwawi walisimama na kaptula nyeusi, filimbi shingoni. Ofisi nzima ikacheka. Binti yangu Nakiru, aliyetutangulia pale, alitazama sakafu.

Mimi nilipona risasi za wezi wa mifugo kule Lokori, lakini shule sikufika mbali. Nakiru amesomea mekatroniki, akaomba mafunzo ya kazi hapo. Simu yake iliharibika, kwa hivyo akatoa namba yangu; jibu likaja kwangu yeye yuko Lodwar tayari. Lilikuwa la Kiingereza, nikampelekea Ekai wa saiba, duka la intaneti la Kakuma, anisomee.

“Wanataka marefa wawili, mwisho Ijumaa saa sita.”

“Wa mpira?”

Hakuinua hata kichwa. “Refa ni refa, mzee. Sogea, watu wanangoja.”

Nikawatafuta Deng na Lokwawi, wanaochezesha mechi za Kakuma. Deng, mkimbizi, akaomba mpaka kibali cha kutoka kambini.

Injinia alinieleza polepole: refa wao ni mwalimu aliyemfundisha Nakiru, wa kumpendekeza kwa barua. Saa sita ilikuwa imepita. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Ekai, pole yako ya simu sitaki. Panda gari uje Lodwar, umwambie Nakiru kwa mdomo wako: kati yetu wawili, nani hakujua kusoma?